Nyanzaga na sheria ya ardhi inayosubiriwa

Machi 2025 Rais Samia alizindua Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, toleo la 2023. Lakini sera haimpi mtu haki ya kudai mahakamani. Ile ya 1995 ilisubiri hadi 1999 ndipo zikatoka Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na sasa zinazosubiriwa ni sheria za kuifuata hii mpya. Kule Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Perseus ya Australia inajenga mgodi wa dhahabu wa Nyanzaga ikilenga kuanza uzalishaji 2027. Je, iziogope sheria hizo?

Wawekezaji wengi watajibu ndiyo. Leseni inakupa madini yaliyo chini, ila juu yake kuna mihogo, kaburi la babu na nyumba ya bati. Leo kumpa mwekezaji eneo la kijiji lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi, waziri ndiye mwenye neno la mwisho. Vijiji vikipewa sauti kubwa zaidi, ratiba ya mgodi itarefuka, na benki hazikopeshi kwa huruma.

Mimi naona kinachoila kampuni zaidi ni ucheleweshaji kuliko ukali wa sheria. Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara, wana neno lao: tegesha. Fununu za upanuzi zikivuma, vibanda huchipuka usiku na miche hupandwa ikibanana, vyote vikimngoja mthamini wa fidia. Ni rahisi kuwalaumu wanaotegesha. Ila jirani yao mwaminifu, aliyeambiwa asiendeleze chochote, anakaa na paa linalovuja akingoja hundi. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inadai riba, na tathmini ikipita miaka 2 inabidi irudiwe. Kila marudio yanaongeza bei kwa kampuni na chuki kwa kijiji.

Kwa hiyo ningependa sheria ibane hapo: fedha ya fidia iwe benki kabla mthamini hajaanza kuhesabu miembe. Kampuni kubwa italimudu sharti hilo. Ndogo za utafiti, zinazochangisha mtaji kidogo kidogo kwenye masoko ya hisa, zitaumia, na baadhi zitaondoka. Hasara hiyo ni ya kweli, maana Nyanzaga yenyewe ilipita mikononi mwa kampuni ndogo kabla ya kuuzwa.

Perseus, kwa kejeli ya mambo, huenda isiguswe sana. Leseni ya Nyanzaga ilitoka 2021, na sheria mpya kwa kawaida haifukui malipo yaliyokwisha kufanyika. Mzigo utaangukia upanuzi wa baadaye na wenye leseni za jirani, tena kwenye ardhi ambayo tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 haiwezi kubaki na bei ya enzi za kivuko.

Kinachonitia shaka ni upande wa serikali. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe 2017 ina hisa zisizopungua asilimia 16, bila kuzilipia, katika kila mgodi wenye leseni kubwa. Fidia ikipanda, faida yake nayo inapungua. Na bado ni Mthamini Mkuu wa Serikali anayeidhinisha kila jedwali la fidia. Muswada ukifika Dodoma, nitaanza kusoma kifungu kinachosema mwanakijiji asiyeridhika na jedwali hilo anakata rufaa kwa nani, na kwa gharama ya nani.