Volkano za Geita: umri tunao, asili bado ni mvutano

Mgeni akifika Mwanza huonyeshwa Jiwe la Bismarck, na mara nyingi huambiwa limetapikwa na volkano ya kale. Si hivyo. Lile ni granaiti, mwamba ulioganda taratibu chini ya ardhi. Mawe ya volkano yako ng'ambo: vuka Kigongo kwenda Busisi, fika Geita, okota lile jiwe la kijani-kijivu ambalo wachimbaji wadogo hulitupa kando ya maduara (mashimo) yao. Hilo ndilo liliwahi kutiririka.

Kuhusu umri hakuna ugomvi mkubwa. Mwaka 2003 Shukrani Manya (ndiye huyu aliyekuja kuwa Naibu Waziri wa Madini) na Makenya Maboko walizipa basalti (ndilo jiwe hilo la volkano) za Rwamagaza, huko huko Geita, miaka milioni 2,823, pungufu au zaidi milioni 44. Walitumia samariamu, elementi ambayo hugeuka neodimiamu kwa mwendo wa kobe. Zirikoni, madini ya punje ndogo, ingejibu kwa usahihi zaidi, maana punje yake ikiumbika hupokea urani na kuikataa risasi (metali ya risasi), nayo urani hugeuka risasi polepole. Risasi utakayoikuta ndani imezalishwa humo humo. Tatizo ni kwamba basalti zina zirikoni haba mno. Na hiyo milioni 44 si ndogo: ncha hadi ncha ni milioni 88, zaidi ya muda wote tangu dinosaria watoweke.

Mvutano uko kwenye asili. Wapo wanaosema bamba moja la dunia (kipande kikubwa cha tabaka lake gumu la nje) lilizama chini ya jingine, likatoa maji, na maji yakayeyusha mwamba wa juu yake. Ushahidi wao ni elementi ya niobi: katika volkano za namna hiyo huwa pungufu ukiilinganisha na elementi nyingine, thori, kwa kuwa vimiminika vinavyotoka kwenye bamba hubeba thori na kuiacha niobi nyuma. Wengine wanajibu kwamba dunia ya wakati ule ilikuwa na joto kali zaidi, hivyo ujiuji wa mwamba ulioyeyuka ungeweza kupanda wenyewe kutoka kilindini bila bamba lolote kuzama.

Na upungufu wa niobi? Hapo kundi la pili lina hoja nzito. Chemsha chai kwenye sufuria iliyopikiwa dagaa jana, uone kama haitanukia ziwa. Ujiuji unaopita kwenye ganda kuukuu la bara huokota kemia ya ganda hilo, nalo lina niobi pungufu vilevile.

Kwa volkano za kale za mkoa wa Mara mimi nakubaliana na watu wa mabamba. Kule, kwenye mawe ya takriban miaka milioni 2,670, kuna andesiti (jiwe jingine la volkano) zenye magnesi nyingi pamoja na adakiti, jamii ya mawe ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa bamba lenyewe liliyeyuka. Sufuria chafu haielezi hayo kirahisi. Kwa basalti za upande wa Geita, niobi peke yake hainitoshi.

Neodimiamu inaweza kuamua kiasi, kwani ganda kuukuu huacha alama yake humo. Ila ganda lililochafua likiwa lilikuwa changa, karibu rika moja na volkano zenyewe, alama haitaonekana. Mchimbaji wa Geita hapotezi usingizi kwa hili. Dhahabu yake iliingia baadaye, kupitia nyufa.