Kiwanja Hiki Hakiuzwi

Pita mitaa ya pembezoni mwa Kampala, iwe Kira au Nansana, hutakosa kuona ukuta au bati lililoandikwa kwa rangi kubwa, aghalabu kwa Kiingereza, kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Ukiisoma sentensi hiyo kwa mantiki tupu, haikuambii kitu. Karibu kila nyumba nchini haiuzwi leo. Msikiti wa jirani hauuzwi, shule haiuzwi, na hakuna aliyejisumbua kununua rangi ili kutangaza hivyo. Hata hivyo anayepita haelezwi mara mbili. Anajua papo hapo kwamba kuna mtu alijaribu kukiuza, na kwamba muuzaji huyo hakuwa na haki. Labda ni mmoja wa watoto wa marehemu aliyewazunguka ndugu zake, labda ni tapeli mwenye hati ya bandia. Yote hayo hayamo ukutani.

Paul Grice, mwanafalsafa Mwingereza, ndiye aliyeonyesha jinsi tunavyofika huko, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, ambayo sehemu yake maarufu zaidi ilichapishwa 1975. Hoja yake ni kwamba wanaozungumza hudhaniana kuwa wanashirikiana: kila mmoja anasema kweli, anasema ya kutosha, anasema yanayohusika, na hazungukizunguki. Maneno yakionekana kupungua, msikilizaji haamui haraka kwamba mwenzake kachanganyikiwa. Hutafuta jambo ambalo likiongezwa, maneno yale yatakaa sawa. Mwenye kiwanja ametoa pesa yake kusema jambo ambalo tungelichukulia hivyo hivyo hata angenyamaza. Basi lazima kuna mtu anayeamini kinauzwa. Na huyo angeamini vipi kama hakuna aliyemwambia?

Hiyo ni hesabu, na nalitilia mkazo neno hilo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watu wetu husema kwa mafumbo, kana kwamba maana isiyotamkwa ni ukungu tu. Fumbo lina wenyewe. Usipokulia nalo hulifumbui. Lakini ule ukuta, mgeni aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi atausoma sawasawa na mzaliwa. Na jambo linaloweza kukokotolewa na yeyote, aliyelisema anaweza kudaiwa.

Hapo ndipo watu hunipinga, na hoja yao si dhaifu. Semantiki yenyewe, taaluma ya maana za maneno, inatenganisha kile ambacho sentensi inakilazimisha na kile inachokidokeza. Mwenye nyumba akisema “baadhi ya wapangaji wamelipa”, unaelewa kwamba wapo ambao hawajalipa. Lakini anaweza kuendelea, “tena nadhani ni wote”, na hajajipinga. Ajaribu kuendelea na “lakini hakuna hata mmoja aliyelipa” uone. Dokezo linafutika, la lazima halifutiki. Tena dokezo lina tabia ya ajabu, mojawapo ya mambo yanayonipendeza mno katika taaluma hii: akikuagiza “baadhi ya wapangaji wakilipa, nipigie simu”, na jioni ukakuta wamelipa wote, hutakaa kimya ukisema sharti halikutimia. Utapiga. Ile “si wote” iliyokuwa wazi kabisa katika sentensi ya kwanza imetoweka ilipoingizwa ndani ya sharti. Kwa hiyo wanaonipinga husema: kitu kinachofutika na kutoweka hivi, utamshtaki mtu nacho vipi?

Tumwendee dalali. “Mzee, shamba hili lina hati.” Ni maneno machache, na huwa ya kweli. Sasa kumbuka tuko Buganda, kwenye ardhi ya mailo, umiliki binafsi wa kudumu uliotokana na mkataba wa mwaka 1900. Hapa mtu mmoja anaweza kuwa na hati, na juu ya ardhi hiyo hiyo wakawepo watu wengine wenye vibanja vyao, yaani sehemu wanazokaa na kulima bila kuwa na hati, wenye migomba na makaburi ya wazee wao, ambao Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda. Mtu aliyekuwa akiitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, bila mwenye hati kumpinga, haondolewi kwa sababu tu hati imebadilisha jina. Kwa hiyo “lina hati” haisemi kwamba shamba ni tupu. Haisemi hata kwamba jina lililo kwenye hati ni la muuzaji. Lakini mnunuzi aliyetoka Arua, mbali kaskazini-magharibi mwa nchi, na akiba yake anasikia yote mawili, na dalali anajua kwamba anayasikia. Siku matatizo yanapoanza, jibu liko tayari: mimi sikusema hivyo.

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kulikubali jibu la namna hiyo, Januari 1973, na majaji wote walikuwa kauli moja. Samuel Bronston, mtayarishaji wa filamu ambaye kampuni yake ilikuwa imefilisika, aliulizwa chini ya kiapo kama ana akaunti katika benki za Uswisi. Akasema hapana. Je, amewahi kuwa nayo? Akajibu kwamba kampuni ilikuwa na akaunti kule Zurich kwa miezi kama sita. Kweli tupu. Ila yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa na akaunti yake Geneva kwa karibu miaka mitano. Alihukumiwa kwa kiapo cha uongo, na mahakama hiyo ikaifuta hukumu: jibu likiwa la kweli kwa maneno yake, ni kazi ya wakili kumbana shahidi.

Kwa kesi ile naona walikuwa sahihi. Mahakamani hakuna anayedhani kwamba shahidi wa upande wa pili anashirikiana naye, na yupo wakili anayelipwa ili asiridhike na jibu. Chini ya mwembe, kwenye pikipiki iliyoegeshwa, hakuna wakili. Dalali anakuita mzee, anakununulia soda, anajiweka upande wako. Ameuomba ule ushirikiano kwa makusudi, halafu anataka asidaiwe matunda yake.

Wapo watakaosema kwamba Kampala kila mtu anajua madalali huficha, kwa hiyo kosa ni la aliyejaza mapengo. Hoja hii ina mizizi ya kitaaluma. Mwaka 1976 mwanaisimu Elinor Keenan aliandika kuhusu kijiji cha Madagaska ambako watu huwa hawatoi habari zote walizo nazo, na kwa hiyo wasikilizaji nao hawakimbilii kudhani kwamba kisichosemwa hakipo. Sawa. Lakini kama wanunuzi wetu kweli wangekuwa hawajazi mapengo, “lina hati” isingeuza hata shamba moja. Dalali anaitamka kila siku kwa sababu inafanya kazi.

Ndiyo maana ningependa kila mkataba wa mauziano, ule unaosainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, ulazimike kuyataja wazi yale ambayo “lina hati” inayaacha: jina lililo kwenye hati, na kama kuna wenye vibanja. Mpaka hapo usimuulize dalali kama hati ipo. Muulize ni nani anayelima humo, kisha sikiliza anavyojibu. Jibu nililolisikia mimi lilikuwa, “Hao wala si tatizo, mzee, tutaongea nao.” Hapa tumeshatoka kwenye dokezo na kuingia kwenye dhana tangulizi, jambo ambalo mwanafalsafa Mjerumani Gottlob Frege aliligusia tangu 1892: sentensi ya namna hii, uikubali au uikanushe, kuna kitu kinabaki pale pale. Wawe tatizo au wasiwe, hao wapo. Yaliyobaki kuulizwa ni wangapi, wamekaa tangu lini, na busuulu, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka, wanamlipa nani.