Kwetu gari iliyotunzwa na gari iliyochoshwa zinauzwa bei moja

Juzi jirani yangu hapa Leeds, Uingereza, kabandika karatasi ya kuuza kwenye kioo cha Yaris yake. Nikiwa nasubiri basi nikatoa simu, nikaandika namba ya ile gari kwenye tovuti ya serikali. Ni bure, hujisajili, huulizwi hata jina. Hapo hapo ikafunguka historia yake kama kadi ya kliniki ya mtoto: mwaka 2021 ilifeli ukaguzi kwa sababu bomba la breki la nyuma limeliwa na kutu, ikatengenezwa, ikarudishwa, ikapita. Mwaka uliofuata ilipita, ila mkaguzi akaandika kwamba tairi ya mbele kushoto inaelekea kuisha. Na kila mwaka maili zake zimeandikwa, zinapanda kidogo kidogo, hakuna mahali ziliporudi nyuma. Mimi si mnunuzi, nilikuwa napita zangu tu, na bado niliijua ile gari kuliko mdogo wangu alivyoijua aliyotaka kuilipia mamilioni pale Mwanga, mjini Kigoma.

Maana wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa anatafuta Toyota IST hapo Kigoma. Kila dalali aliyempigia alimwimbia wimbo uleule: namba D (herufi ya usajili wake), injini haijaguswa, AC kipupwe, alikuwa anaendesha mama mmoja wa ofisini, kilomita elfu sitini na nane, bei maelewano, njoo na fundi wako. Gari tofauti, madalali tofauti, maneno hayohayo. Nilikasirika nikashindwa kulala.

Najua wapo walioshaanza kunijibu. "Huyu dada kakaa Ulaya siku mbili, keshatuona washamba." Hapana. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Gungu, na marehemu baba aliendesha lori la chumvi la Uvinza tangu sijazaliwa. Vumbi la ile barabara nalijua mpaka ladha yake. Sijaja kumsema mtu. Nauliza jambo moja tu: kwa nini mtu wa Kigoma anayeitunza gari yake hapati hata shilingi ya ziada siku anayoiuza?

Fikirini. Wawili wamenunua IST zinazofanana. Mmoja anamwaga oili kwa wakati, anaweka ile inayotakiwa, anabadilisha filta, anatia kulanti kwenye rejeta. Mwenzake anaongeza oili ya kupimwa kwenye kopo, anatia maji ya bomba, taa ya injini ikiwaka anamwambia fundi aing'oe balbu. Baada ya miaka minne wote wanazipeleka kuoshwa, zinang'arishwa, zinasimama pale Mwanga. Mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha, kwa hiyo anataja bei moja kwa zote mbili. Aliyetunza amekula hasara, aliyechosha amepata faida. Sasa mtoto wa mtu anayeangalia hayo atatunza gari kwa ajili gani? Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliliandika jambo hili mwaka 1970 kwa mfano huuhuu wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kujua, gari nzuri zinaondoka sokoni, zinabaki mbovu. Mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Nobel ya uchumi. Sisi tunayaishi hayo kila siku, tunaishia kusema dalali mwongo.

Na msidhani Waingereza wana roho nyeupe kuliko sisi. Kurudisha maili nyuma wanajua sana, na matapeli wa magari wapo. Kinachowabana ni kumbukumbu. Gari ikifikisha miaka mitatu inaanza kukaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo wanauita MOT, ulianza mwaka 1960, na gereji hairuhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 54.85 kwa gari ndogo. Majibu yanaingia mtandaoni, na ya nyuma yapo kuanzia mwaka 2005. Muuzaji akikwambia maili elfu arobaini wakati miaka miwili nyuma mkaguzi aliandika sabini, ameumbuka. Mwenye kitabu cha sevisi kilichojaa mihuri naye anakiweka mezani na kuongeza bei, na watu wanalipa.

Sisi tuna herufi. Hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu kila siku. IST ya mwaka 2004 iliyoingia nchini baada ya miaka kumi na zaidi, ikapewa D, inauzwa ghali kuliko ya mwaka 2006 iliyowahi kuingia ikapewa C. Iliyo ndogo kwa umri ndiyo inaitwa kuukuu! Herufi inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haisemi imetengenezwa lini wala ilibeba dagaa na madumu ya mawese miaka mingapi. TRA, mamlaka ya mapato, wenyewe wakikokotoa ushuru bandarini wanaangalia mwaka wa kutengenezwa, na gari ikiwa na miaka mingi wanaiongezea ushuru wa uchakavu. Mnunuzi wetu anaupita mwaka ulioandikwa kwenye kadi, anakimbilia herufi. Ndugu zangu, someni kadi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba gari hizi hazikuja bila historia. Japani gari mpya inakaguliwa kwa lazima ikifikisha miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ikienda mnadani, mkaguzi anajaza karatasi yenye mchoro wa gari, anaweka alama kila mahali: A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni palipokwishatengenezwa. Anaipa daraja, na iliyopata ajali ikaundwa upya inapewa R. Cheti cha kuisafirisha nacho huwa kimeandikwa kilomita. Karatasi zote hizo zinakuja na gari mpaka Dar es Salaam, halafu zinazimika. Aliyeagiza hazihitaji, dalali anaziogopa, mnunuzi wa Kigoma haziulizi. Gari inapandishwa namba ya Tanzania na kuanza maisha kana kwamba imezaliwa Kurasini.

Ziulizeni. Ukimkuta aliyeagiza mwenyewe, dai karatasi ya mnada na cheti cha usafirishaji, ulinganishe namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bodi na ya kwenye kadi. Akisema zimepotea, fungua mlango wa dereva uangalie ukingoni, kisha fungua boneti. Mafundi wa Japani wana tabia ya kubandika stika wakimwaga oili au wakibadilisha mkanda wa taimingi, na Mungu bariki wengi wetu hatujui kuzibandua. Maandishi huwezi kuyasoma lakini tarakimu unaziona. Mwaka wao huwa wanauandika kwa hesabu ya mfalme wao: ukikuta 27.6.10, chukua 27 ujumlishe 1988, unapata Juni 10, 2015. Pembeni kuna kilomita. Stika ikisema elfu 112 mwaka 2015 na dashibodi leo inasema elfu 68, huna haja ya kugombana na mtu. Aga uondoke.

Hiyo ndiyo kazi niliyompa mdogo wangu kwa simu ya video. Nikamwambia usimtangulizie dalali taarifa kuwa umefika, ifuate gari ilipolala, uweke mkono juu ya boneti kabla haijawashwa. Ilikuwa ya moto. Saa moja asubuhi, na gari inasemekana haijatoka tangu jana. Wanaipasha moto kwa sababu injini iliyochoka inajificha ikiwa ya moto. Ikiwa baridi ndipo inapogonga na kutoa moshi. Moshi wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokoma hata ikishapata joto, maji yanaingia kwenye silinda. Nikamwomba afungue kifuniko cha oili anisogezee kamera. Ndani yake kulikuwa na utelezi mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Dalali akaanza kufoka, "Bosi, wewe unanunua gari au unanunua simu? Huyo shangazi wa kwenye video ndiye analipa?" Nikamjibu kwa adabu, "Kaka, maji yameingia kwenye oili hapo, na wewe unalijua hilo." Akafunga boneti. Ile gari nimesikia imeshauzwa kwa bei ileile aliyokuwa anaitaka.

Hapo ndipo huja wale wa "mwanamke anajua nini kuhusu injini". Wajibuni wenyewe kuhusu ule utelezi.

Na ngoja niwasifie watu wangu, maana nisiposema hili nitakuwa mchoyo. Hapa Leeds nimeona gari inapelekwa kusagwa kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi. Gereji ilihesabu saa za kazi, bei ikazidi thamani ya gari, kwisha. Fundi wa Gungu angefungua hedi, akaipeleka kusawazishwa, akarudisha kila kitu mahali pake kabla ya wiki kuisha. Mafundi wetu wanasikia bearingi inayoanza kufa kwa sikio tu, gari ikiwa bado inashuka mteremko wa kwenda stesheni. Huku wanachomeka kompyuta kwanza. Kigoma tunaweza kutamba na hao watu, na natamba.

Lakini fundi huyohuyo ndiye anayeng'oa themostati akaitupa, akaunganisha feni izunguke muda wote, akamwambia mteja "huku kwetu joto, haina kazi". Ina kazi! Themostati inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiing'oa, injini inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kujimiminia mafuta, oili inapata uchafu na vyuma vinasagana. Mwenye gari analalamika IST inakula mafuta kama lori, na hakuna aliyeandika mahali popote kwamba mwaka juzi themostati ilitolewa. Kama ilikuwa inachemsha, kulikuwa na sababu: rejeta imeziba, pampu imechoka, au ndiyo hiyo gasketi. Ni hivyohivyo kwa giaboksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda, kutiliwa oili ya giaboksi nyingine. Inatembea miezi michache, mnunuzi mpya ndiye analia.

Sasa mtasema, "Dada, serikali yetu haina uwezo wa mambo hayo." Nani kasema? Leo hii ukiingiza namba ya gari kwenye mtandao wa polisi wa Tanzania unaona faini inazodaiwa, na kila dereva anajua. Namba imo, gari imo, mtandao upo. Tunaweza kukumbuka kwamba gari ilipigwa tochi, tunashindwa kukumbuka kilomita zake siku ilipobadilishiwa umiliki? Mtu akiandikishwa kilomita kila gari inapouzwa, nusu ya uongo wa madalali umekufa.

Hata bila serikali kuna daftari. Mkisema daftari ni uzungu nitawauliza madereva wa gari za halmashauri wanajaza nini kila safari. Baba alikuwa nalo la shilingi chache, analichomeka nyuma ya kiti cha lori: tarehe, kilomita, oili aina gani, kimebadilishwa nini na nani. Hakufundishwa na Mwingereza. Anzeni nalo siku mnayonunua. Kwa vumbi letu mwageni oili kila kilomita elfu tano, na filta ya hewa mbadilishe, msiishie kuipuliza kwa kompresa miaka na miaka. Bakizeni risiti za spea. Tairi, hata ya mtumba, isomeni ubavuni kabla ya kulipa: tarakimu nne za mwisho, 1216 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2016. Ziandikeni nazo.

Na wanunuzi, hapa nasema na ninyi zaidi ya wauzaji, lipieni daftari. Ukikutana na C yenye kumbukumbu zake zote na D isiyo na chochote, ongeza pesa uchukue C. Nimeambiwa "ukija kuiuza nani atanunua C?" Atanunua mtu aliyechoka kufungua injini miezi miwili baada ya kununua, na Kigoma nzima, mpaka Kasulu na Kibondo, imejaa watu hao. Wakilipa watatu, wa nne atanunua daftari dukani ili na yeye alipwe.

Mdogo wangu bado anatafuta. Ukiwa na IST au Vitz, herufi yoyote, ila ina daftari na risiti, uko Ujiji, Mwandiga au hata Uvinza, niandikie. Injini iwe baridi tukifika. Bei hatutasumbuana.