Acheni Kumwita Mavu Muuaji

Imenikera ile video inayozunguka kwenye simu: mdudu wa manjano anatambaa juu ya glavu, na chini yake maandishi makubwa, "MAVU WAUAJI". Watu wanaisambaza huku wakiapa kuchoma kila kiota watakachokiona.

Jina hilo lilivuma Mei 2020, gazeti la New York Times lilipoandika kuhusu Vespa mandarinia, mavu mkubwa kuliko wote duniani, aliyekuwa ameonekana katika jimbo la Washington, Marekani, mwishoni mwa 2019. Malkia wake hufikia sentimita 5. Watu walikuwa wamejifungia ndani kwa sababu ya korona, hofu imewajaa, na neno "muuaji" likapata pa kushika. Walioumia ni wengine kabisa. Wataalamu wa wadudu ilibidi wawasihi watu waache kuua nyuki na nyigu wa kawaida, wasio na hatia yoyote, kwa kudhani ndio hao.

Wajapani, wanaoishi na mavu huyu tangu enzi, humwita osuzumebachi: nyuki-shomoro mkubwa. Kwao kila mwaka wapo wanaofariki kwa kuumwa na mavu na nyuki, lakini jina walilompa linataja umbo lake tu. Linnaeus naye, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1758 alimwita mavu wa Ulaya Vespa crabro, maneno mawili ya Kilatini ya nyigu na mavu, basi.

Haya, nakubali, kwa nyuki huyu mavu mkubwa ni balaa. Mavu wachache wakiingia kwenye mzinga wa nyuki wa Ulaya huwakata vichwa mmoja mmoja, na kwa saa chache tu mzinga umekwisha. Mfugaji ana haki ya kumwogopa, na Marekani walifanya vyema kumwondoa: kiota cha kwanza waliking'oa Blaine, mji wa jimbo hilo la Washington, Oktoba 2020, na Desemba 2024 wakatangaza kwamba ametokomezwa. Lakini kule alikotoka nyuki wamejifunza kujilinda. Nyuki wa Japani humzonga mavu kwa mamia, wakatetemesha misuli ya mabawa mpaka joto katikati ya lile donge lipite nyuzi 45, naye akafia humo humo.

Tena anayewinda analisha watoto. Kiuno chake ni chembamba mno, nyama haipiti; hutafuna windo, humpa buu, na buu humrudishia majimaji matamu ambayo ni sehemu kubwa ya chakula chake.

Julai 2022 Chama cha Wataalamu wa Wadudu cha Marekani kilimpa jina jipya la kawaida, mavu mkubwa wa kaskazini. Kiliepuka hata kutaja Asia, anakotoka, kwa kuwa chuki dhidi ya watu wenye asili ya huko ilikuwa imepamba moto. Habari hiyo haikusambaa hata robo ya ile ya "wauaji".

Nawaomba wanaoandika habari hizi kwa Kiswahili: tumieni jina hilo jipya, mavu mkubwa wa kaskazini. Na mkiweka picha ya mavu, wekeni ya nyuki kando yake, watu waone tofauti kabla hawajashika kiberiti.