Droni Haifungwi Kaniki

Siku hizi wanaakiolojia wanajisifu kwamba wameweka majembe chini. Rada husukumwa juu ya udongo mfano wa mkokoteni, ikapeleka mawimbi ardhini na kuchora yanayorudi. Droni nazo hurusha mwanga wa leza ukapenya kwenye mianya ya majani, na ukuta uliofichwa na msitu ukaonekana. Hakuna kilichochimbwa, wanasema, basi hakuna aliyekosewa.

Hapo ndipo tunapoachana.

Sina ugomvi na jembe lenyewe. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948, akaja pia Fort Jesus hapa Mombasa, na mengi tunayoyajua yametoka huko. Lakini kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, si gofu. Ukienda Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, hufungwa kaniki nyeusi kwanza, ukaambiwa usitoke hata na jani. Na ndani ya kaya hizo kumezikwa fingo, hirizi ya kinga ya watu wote, mahali panapojulikana na wazee wachache. Sasa rada ikipita juu yake na kulionyesha kwenye kioo cha kompyuta, limeguswa au halijaguswa? Anayekuchungulia dirishani hajaingia ndani, lakini hodi hakubisha.

(Udongo wenye chumvi huyameza mawimbi ya rada, na huku pwani tunao. Pengine koma, mizimu ya wahenga, wanajilinda wenyewe.)

Tena kuna ramani. Vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu wetu, viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2007 viwili vilirudi kutoka Marekani. Ukianika mtandaoni vipimo kamili vya kila kaya, umemwonyesha mwizi njia.

Kule Kamloops, Kanada, mwaka 2021, jamii ya wenyeji asilia ya Tk'emlúps te Secwépemc ndiyo iliyoagiza rada ipite kwenye uwanja wa iliyokuwa shule ya bweni ya watoto wao, kutafuta makaburi yasiyo na alama. Rada haikuona mifupa, maana haiwezi. Iliona udongo uliowahi kuvurugwa. Kuchimba au kutochimba ni jambo linalowahusu wao kwanza.

Kwetu mzee wa kaya huitwa siku ya uzinduzi, akapigwa picha, akapewa soda. Mimi nataka aitwe kabla droni haijatolewa sandukuni, aseme isipite wapi, na picha azitunze yeye. Akikataa kabisa, ramani ichapishwe na doa jeupe katikati.