Jina la bendi ni la nani? Kutoka Canvey hadi Kariakoo

Ninaishi Southend, mji wa pwani ulioko mashariki ya London, pale Mto Thames unapopanuka na kuingia baharini, na riziki yangu naipata katika nyumba ya kulelea wazee. Siku za mapumziko hupenda kwenda Canvey, kisiwa kidogo cha jirani ambacho mgeni kutoka Dar es Salaam anaweza kukizunguka nusu siku nzima bila kuiona bahari. Si kwamba bahari iko mbali. Kisiwa kimejengwa chini kuliko maji yanapojaa, kimezungushiwa ukuta, na anayetaka kuona mawimbi hana budi kupanda ngazi za zege na kuchungulia upande wa pili. Mimi niliyekulia mahali ambapo bahari humkuta mtu barabarani, siku ya kwanza nilisimama juu ya ukuta ule nikatazama nyumba upande mmoja na maji upande mwingine, nikaona kwamba maji ndiyo yako juu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 ukuta wa wakati huo ulizidiwa na watu 58 wakafa kisiwani.

Kutoka katika kisiwa hicho ilitokea bendi iitwayo Dr. Feelgood, iliyoanzishwa mwaka 1971, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu kila ninapoufuatilia mwenendo wake huishia kuzifikiria bendi zetu za muziki wa dansi. Walikuwa vijana wanne. Lee Brilleaux aliimba na kupuliza kinanda cha mdomo, Wilko Johnson alipiga gitaa, John B. Sparks alikuwa kwenye besi. Na aliyepiga ngoma aliitwa The Big Figure, yaani Pande la Mtu, jina ambalo kwetu pia lisingemshangaza yeyote. Brilleaux, kwa taarifa ya wanaopenda mambo haya, alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1952, kwenye bahari ileile ya Hindi ninayoijua mimi, ndipo familia yake ikahamia Uingereza.

Muziki waliopiga ulikuwa ridhimu na bluzi, muziki wa Wamarekani weusi ambao Waingereza wengi walikwisha kuuiga kabla yao. Tofauti ni kwamba hawa hawakujifanya wakulima wa pamba wa Mississippi. Wilko, aliyesoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu na kuwahi kuwa mwalimu wa shule, alitunga nyimbo kuhusu mambo aliyoyaona dirishani: matangi ya mafuta, miali ya moto ya mitambo ya kusafishia, magati na matope ya mlangoni mwa mto. Eneo lote wakalibatiza Delta ya Thames. Ndivyo walivyofanya wanamuziki wetu waliopokea rumba ya Cuba kupitia Kongo, wakaitia maneno ya Kiswahili kuhusu shemeji wagomvi, mishahara isiyokutana na jirani asiyekujulia hali. Anayesema bendi zetu ziliiga tu, na amsikilize kwanza mtu wa Canvey akiimba bluzi ya matangi ya mafuta.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1975, jaladani ikiwa na picha ya rangi nyeusi na nyeupe, wakati wenzao wa zama zile walivaa mavazi ya kumetameta na kupiga wimbo mmoja kwa nusu saa. Dr. Feelgood walipanda jukwaani na suti za madukani, koti jeupe la Brilleaux likiwa limekolea uchafu, na nyimbo zao zilikuwa za dakika tatu. Wilko hakutumia kile kiplastiki cha kuchararazia nyuzi. Alizipiga kwa vidole vitupu huku akienda mbele na kurudi nyuma jukwaani kama mtu anayevutwa kwa kamba, macho yamemtoka. Kwa msikilizaji aliyezoea dansi letu jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyo mmoja alifanya kazi ya watu wawili. Katika bendi ya Dar es Salaam yupo wa gitaa la solo, yupo wa gitaa la ridhimu, mara nyingi yupo na wa solo la pili, na kila mmoja ana njia yake asiyoivuka. Wilko alibeba solo na ridhimu katika mkono mmoja wa kulia. Mwaka 1976 albamu yao iliyorekodiwa mbele ya hadhira, upande mmoja Sheffield na upande mwingine katika ukumbi wa Kursaal hapa Southend, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Jengo la Kursaal na kuba lake bado lipo. Hulipita nikienda kazini.

Miezi michache baadaye walivunjana. Mwaka 1977, wakiwa studio huko Wales, waligombana kuhusu wimbo uliotungwa na mtu wa nje, na Wilko akaondoka. Yeye akisema amefukuzwa, wenzake wakisema ameondoka mwenyewe. Wimbo ule ulikuwa kisingizio tu. Wilko ndiye aliyekuwa mtunzi, na katika nchi hii mtunzi hulipwa mirabaha yake kila wimbo unapopigwa redioni, mbali na mapato ya bendi. Yeye alijifungia chumbani akitunga na hakuwa mnywaji. Wenzake walikuwa baa. Nani asiyejua safari ya namna hiyo inavyoishia? Brilleaux akamchukua mpiga gitaa mwingine, Gypie Mayo, na mwaka 1979 wakaingia kumi bora kwa wimbo kuhusu maziwa na pombe.

Hapo ndipo ninapoanza kulinganisha na nyumbani, na msomaji anisamehe nikikaa hapo kidogo.

Mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi wa Tanganyika, NUTA, ilianzisha bendi, na Muhidin Maalim Gurumo alikuwa miongoni mwa waimbaji wake wa mwanzo. Wanamuziki wale walikuwa waajiriwa: walipokea mshahara wa mwezi, na magitaa, ngoma, saksafoni na vipaza sauti vilikuwa mali ya jumuiya. Jumuiya ilipobadilisha jina, bendi nayo ilibadilisha. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo baadaye ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, na Gurumo akahamia huko. Mwaka 1985 akahama tena kwenda Orchestra Safari Sound, kisha baada ya miaka akarudi alikoanzia. Kuhama hama huko kulikuwa chumvi ya mazungumzo ya mjini, lakini mwanamuziki wa Dar es Salaam alipohama aliondoka na koo lake na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki kwa mwenye bendi, jina lilibaki, na nyimbo alizotunga zikaendelea kupigwa Redio Tanzania kwa jina la bendi aliyoiacha.

Watu wengi wa nyumbani husema dansi liliuawa na muziki wa kizazi kipya. Sikubaliani nao. Ninaamini lilidhoofishwa na jambo hilo la vyombo na nyimbo. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 bila kumiliki gitaa wala wimbo wake hana pa kuanzia siku mwajiri anapochoka, ilhali Wilko, aliyefukuzwa au kuondoka, alitoka na gitaa lake jeusi aina ya Telecaster na nyimbo zilizoandikwa kwa jina lake, akaunda bendi nyingine na kuishi kwa hizo miaka 45. Sisi sheria ya sasa ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, imeundwa chini yake, lakini nyimbo zilizotulea sisi zilitungwa na kurekodiwa kabla.

Mwaka 2013 unaniumiza kuliko mingine. Mwezi wa kwanza Wilko alitangaza kwamba ana saratani ya kongosho, kwamba hataki dawa za kuichoma, na kwamba atafanya maonesho ya kuaga. Kumbi zikajaa. Mwaka huohuo huko nyumbani Gurumo alitangaza kustaafu baada ya karibu nusu karne ya kuimba, ikafahamika kuwa hakuwa hata na gari, na Diamond Platnumz akamkabidhi gari mbele ya waandishi. Nililipenda tendo lile na bado nalisifu. Hata hivyo nilipoitazama picha ya mzee ameshika ufunguo niliona haya, kwa sababu alichopewa kwa ukarimu wa kijana kilikuwa sehemu ndogo ya kile alichopaswa kukusanya mwenyewe, senti kwa senti, kila redio ilipofungua kipindi cha zilipendwa. Mwaka 2014 Gurumo alifariki. Mwaka huo Wilko alitoa albamu na Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi ya The Who, ikafika nafasi ya tatu, kisha madaktari wa Cambridge wakamtoa uvimbe wa kilo tatu, akaishi hadi Novemba 2022.

Sisemi hayo ili kuisifu Uingereza mwanzo hadi mwisho. Nimekwenda kusikiliza bendi za namna hii katika baa za Essex mara nyingi, na ninakiri kuwa hujikuta mpweke. Wasikilizaji 40 wenye mvi husimama na bilauri mkononi, wanatikisa kichwa, wanapiga makofi wimbo unapokwisha, na saa tano usiku taa zinawashwa. Hakuna anayecheza. Jioni moja mpiga gitaa alipiga solo iliyonipandisha mori, mkono ukaniingia mfukoni wenyewe, nikatoka na noti ya pauni tano nikiwa tayari nimepiga hatua mbili kuelekea jukwaani ndipo nikakumbuka niko wapi. Huku mtu hatunzwi. Nikaenda kaunta nikajinunulia soda, kana kwamba ndiko nilikokuwa nikienda. Nyumbani, DDC Kariakoo, wimbo ungekuwa ndiyo kwanza unaingia kwenye chemko, wapuliza tarumbeta wamesimama wote pamoja, na mama mwenye kitenge angekuwa amekwisha kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso bila kukosea hatua ya kucheza.

Kuna jambo jingine ambalo majirani zangu wa Essex hawalioni. Sparks na The Big Figure waliondoka mwaka 1982, Brilleaux akabaki peke yake kati ya wanne, akaendelea na vijana wapya hadi alipofariki kwa saratani Aprili 1994, akiwa na miaka 41. Onesho lake la mwisho alilifanya Canvey Januari ya mwaka huo. Mwaka 1995 Dr. Feelgood walirudi jukwaani bila hata mtu mmoja wa kundi la kwanza, na bendi yenyewe hueleza kuwa hayo yalikuwa matakwa ya marehemu. Nyuma walikuwa mpiga besi na mpiga ngoma waliowahi kufanya naye kazi miaka mingi, mbele akawekwa mwimbaji mpya, na alipoondoka huyo akaja Robert Kane mwaka 1999. Yaani bendi iliyoanza kama mali ya marafiki wanne imegeuka kuwa kama Msondo: jina linakaa, watu wanapita.

Waingereza hilo huwasumbua. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa Kursaal usiku ule wa Novemba 1975 ilipokuwa ikirekodiwa ile albamu, na mpaka leo hueleza namna jasho lilivyokuwa likidondoka kutoka darini. Nilipomwambia kuwa nimekwenda kuwaona Dr. Feelgood alinikatiza: wale si Dr. Feelgood, alisema, wale ni watu wanaopiga nyimbo zao. Nikamweleza habari za bendi yetu iliyobadilisha jina mara tatu na waimbaji mara nisizoweza kuhesabu, iliyompoteza TX Moshi William mwaka 2006 na Gurumo miaka minane baadaye, na ambayo mtu wa Temeke hawezi hata siku moja kuiambia kuwa siyo yenyewe. Akauliza kama si jina wala si watu, kilichobaki ni nini. Nikamjibu kwamba ni mtindo. Kwetu kila bendi ina mtindo wake wenye jina, na mgeni akiingia hujifunza mtindo, mtindo haumfuati yeye.

Alinyamaza, kisha akataka kusikia. Nikaiweka simu juu ya sinia la chai, kando ya vidonge vyake, nikamfungulia wimbo wa zamani wa JUWATA. Akasikiliza wote, na ulikuwa mrefu, huku kidole chake kimoja kikigonga ukingo wa sinia pale hasa mpiga tumba alipokuwa akigonga. Ulipokwisha akaniuliza wapiga gitaa walikuwa wangapi. Nikamwambia watatu, bila kuhesabu besi.

“Watatu,” akasema, akachukua kidonge chake. “Kwa kazi ya Wilko peke yake.”