Nani Aliyesema Riwaya Chovu Lazima Imalizwe?

Wasomaji wenzangu, hivi ni nani aliyetunga sheria kwamba ukishafungua riwaya huna ruhusa ya kuifunga kabla ya ukurasa wa mwisho? Kila ninapoweka kando kitabu kinachonichosha, hawakosi watu wa kuniambia nivumilie, eti utamu uko mbele. Mbele wapi? Riwaya niliyoiacha juzi ilikuwa imefika sura ya nne na mhusika mkuu bado amelala kitandani akiwaza maana ya maisha, huku mwandishi akitumwagia mawaidha kuhusu maadili ya vijana kana kwamba tumeketi mbele ya mimbari, na kila anayefungua kinywa, awe mvuvi au waziri, anazungumza kwa sauti ileile moja. Nitoe fedha zangu, nikeshe, halafu nihubiriwe?

Ndipo nikafungua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Kurasa chache tu, na tayari Yasmin ameshaozwa kwa Raza, mwenye duka anayemzidi umri mno, na Unguja ya zama za wakoloni imeshanizunguka. Hakuna aliyenisomea somo kuhusu ndoa za kulazimishwa. Nilimwona Yasmin akimchukia mumewe, nami nikamchukia pamoja naye. Chakula kilipoa mezani, adhana ya alfajiri ikanikuta bado nafunua kurasa. Sasa mnataka nirudi kwa yule wa kitandani? Nimmalizie nani, mwandishi au kabati la vitabu? Wenye kuvumilia na wavumilie. Mimi sikigusi tena.